Nyutroni ikichelewa, gama hukamatwa

Kiini cha urani-235 kinapopasuka hutoa nishati ya MeV 200 hivi. Sehemu kubwa huondoka na vipande viwili vinavyorushwa huku na huku, na miale ya gama inayotoka papo hapo hubeba kama 7 tu. Ni kidogo, lakini ni kikorofi. Vipande huishia humo humo ndani ya fueli, ilhali gama hupenya na kwenda kupasha joto vyuma vya kinu cha nyuklia visivyo na chembe ya urani. Wahandisi walipolinganisha hesabu zao na joto lililopimwa, hesabu zilipungua kwa asilimia 10 hadi 28. Data waliyoitegemea ilikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2006 Shirika la Nishati ya Nyuklia la OECD likaomba vipimo vipya, kosa lisizidi asilimia 7.5.

Kazi hiyo iliangukia watafiti wa Geel, Ubelgiji, na wenzao, waliopeleka sampuli ya urani kwenye kinu cha utafiti cha Budapest. Kuziona gama hakukuwa shida. Shida ilikuwa nyutroni, mbili na ushei kwa kila mpasuko, ambazo nazo zikigonga fuwele ya kigunduzi huzalisha gama zao, na fuwele haiulizi umetoka wapi.

Dawa yake ni saa. Urani iliwekwa ndani ya chemba ya gesi. Kipande kikichomoka, chemba hutoa ishara na saa huanza kuhesabu. Tuseme fuwele iko nusu mita. Gama hufika baada ya nanosekunde 1.7, nyutroni ya MeV 2 huchukua kama 26. Anayefika mapema anaandikwa, mchelewaji anatupwa. Fuwele za zamani za iodidi ya sodiamu humeta polepole, kwa hiyo saa yake haikuwa kali. Za bromidi ya lanthani hufifia kwa nanosekunde 16 hivi, na hutofautisha nishati mara mbili vizuri zaidi.

Hapo bado. Binafsi naona kazi ngumu ilianzia baada ya kinu kuzimwa. Chukua sizi-137, ambayo mwale wake una keV 662. Kwenye skrini utaona mnara mwembamba pale 662, sawa, lakini kushoto kwake kuna uwanda mpana unaoishia karibu na 477: hizo ni gama zilizogonga elektroni, zikaacha sehemu ya nishati, zikatoroka. Mwale mmoja, sura mbili. Sasa changanya miale ya kila nishati, na mchoro unakuwa mteremko usio na mnara hata mmoja. Ikabidi kuiga kwa kompyuta jinsi fuwele inavyojibu kila nishati, kisha kujumlisha majibu hayo na kuyarekebisha mpaka yafanane na kilichopimwa.

Matokeo ya 2013: fotoni za gama 8.19 kwa mpasuko, wastani wa MeV 0.85, jumla MeV 6.92. Vipimo vya 1973 vilitoa 6.70, 0.97 na 6.51. Fotoni zimeongezeka kwa zaidi ya humusi, lakini kila moja ni dhaifu zaidi, hivyo jumla imepanda kwa asilimia 6 tu. Pengo la asilimia 28 halizibwi na hilo. Urani-235 inayopasuliwa na nyutroni za polepole imejitetea. Macho yakahamia kwa plutoni, na kwa nyutroni za kasi.