Tanzia Bila Kifo cha Shujaa: Uhawilishaji wa Jude the Obscure katika Filamu ya Jude (1996)

Uhakiki wa filamu zitokanazo na riwaya aghalabu hukomea kwenye suala la uaminifu: kipi kimebakizwa na kipi kimeachwa. Filamu ya Jude, iliyoongozwa na Michael Winterbottom kwa skripti ya Hossein Amini, inazua suala zito zaidi, kwa kuwa kilichoachwa ndicho kinachoamua aina ya tanzia anayoipata mtazamaji.

Riwaya ya Thomas Hardy, iliyochapishwa mwaka 1895, inamfuata Jude Fawley, mwashi wa mawe aliyejifunza Kilatini na Kigiriki kwa juhudi zake mwenyewe, hadi kifoni. Baada ya vifo vya watoto watatu, Sue Bridehead anarejea kwa Phillotson, mume asiyempenda. Jude naye anaozwa tena kwa Arabella akiwa amelewa. Hatimaye anafariki peke yake mjini Christminster, huku shangwe za sherehe za chuo zikipenya dirishani. Kwa kuviambatanisha kitanda cha mauti na shangwe hizo, Hardy anamkumbusha msomaji ni nani aliyemfungia Jude mlango.

Filamu inakomea makaburini. Jude na Sue wanakutana penye makaburi ya watoto, Sue anaondoka, naye Jude anapaza sauti kusisitiza kwamba ndoa ya kweli ni hiyo yao. Ndoa ya pili na Arabella haimo, wala kifo cha Jude.

Uteuzi huu una nguvu yake. Uigizaji wa Christopher Eccleston na Kate Winslet unaufanya utengano wenyewe kuwa kilele, na mtazamaji anaachwa na jeraha lisilofunikwa. Yaweza pia kutetewa kwamba, baada ya vifo vya watoto, anguko jingine lingemchosha mtazamaji.

Hata hivyo, uchovu huo ndio msingi wa tanzia ya Hardy. Katika riwaya, pigo kubwa kuliko yote si mwisho. Maisha yanaendelea kumpokonya mhusika kidogo kidogo, na taasisi mbili, ndoa na chuo, zinashirikiana kummaliza. Katika dakika za mwisho za filamu, chuo hakina sauti. Wamebaki wapendanao wawili na huzuni yao. Hivyo, filamu inahifadhi uchungu wa riwaya lakini inapunguza shutuma yake: mtazamaji anamlilia Jude bila kulazimika kuuliza nani aliyemuua.