Mshahara Haukai Moyoni

Kikundi chetu cha kusoma cha Jumamosi kimemaliza kitabu cha Mfilipino Carlos Bulosan, America Is in the Heart, kilichotoka mwaka 1946. Jina hilo ukilileta kwa Kiswahili ni kama kusema Marekani imo moyoni. Wengi walikipenda. Mimi pia nilikipenda, mpaka kurasa za mwisho. Hapo ndipo nina neno.

Kwanza tukisifu. Bulosan alifika Seattle mwaka 1930, kijana wa mashambani kutoka Pangasinan. Wakati huo Ufilipino ilitawaliwa na Marekani, kwa hiyo Mfilipino aliruhusiwa kuingia, lakini uraia hakupewa. Alikuwa wa humo na si wa humo. Hali hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Sehemu inayonishika zaidi ni ya Alaska. Msimulizi anauzwa kwa wakala kwa dola 5, anapelekwa kwenye kiwanda cha samaki. Mwenzake anakatwa mkono na mashine. Msimu ukiisha anakwenda kuchukua chake, anaonyeshwa karatasi ya makato: hiki kimekatwa, kile kimekatwa, na vingine hata havielewi. Kinachobaki ni dola 13. Bulosan hapigi kelele pale. Anaacha makato yajiseme yenyewe. Mama mmoja wa kikundi alicheka akasema, "Huyo karani namjua."

Halafu kuna hili "mimi" la kitabu. Wachambuzi wamesema siku nyingi kwamba si yote yaliyompata Bulosan mwenyewe. Amekusanya maisha ya wenzake akayatia katika mdomo mmoja. Kijana mmoja akauliza: basi huyu ni mwongo? Ni swali la mtu aliyepita kwenye mahojiano ya ukimbizi, ambako tarehe mbili zikipishana faili linasimama. Lakini kitabu si faili. Wale waliokufa mashambani bila kuandika hata mstari mmoja, wangesemea wapi?

Sasa lawama. Msimulizi amepigwa, amefukuzwa, ameona wenzake wakiuawa. Mwishoni yuko ndani ya basi, anawaona Wafilipino wakivuna mashambani, na anafunga kitabu kwa kuiamini Marekani. Najua kulikuwa na vita, nchi yake ilikuwa imevamiwa na Japani, na imani ilikuwa silaha. Hata hivyo wale wavunaji nje ya dirisha wanalipwa ngapi? Hatuambiwi. Kitabu kilichotuonyesha makato vizuri hivyo kinaishia kutupa moyo tu.

Jibu lilikuja baadaye, Bulosan akiwa ameshafariki mwaka 1956. Tarehe 8 Septemba 1965, huko Delano, California, wachumaji zabibu wa Kifilipino waligoma, Larry Itliong akiwaongoza. Wengi walikuwa wazee, wakiitwa manong, yaani kaka mkubwa kwa Kiilokano. Walidai dola 1.40 kwa saa. Siku zote wenye mashamba waliweza kuvunja mgomo wa kabila moja kwa kuleta kabila jingine. Safari hii haikuwezekana: wiki moja baadaye wachumaji wenye asili ya Meksiko, wakiongozwa na Cesar Chavez, wakajiunga. Ilichukua miaka mitano mpaka wakulima wakubwa wa zabibu wakasaini mikataba, mwaka 1970. Leo watu wanalijua jina la Chavez. Wale wazee walioanza wamesahaulika. Ndiyo maana "mimi" ya Bulosan bado ina kazi.

Kwa nini nayasema haya hapa kambini? Mwaka jana nilifanya ukalimani kliniki, asubuhi hadi jioni. Kwenye karatasi yangu malipo hayakuitwa mshahara kwa sababu sina kibali cha kazi. Yaliitwa motisha. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, najua si ninyi mliotunga sheria hiyo. Ila lisikilizeni neno lenyewe. Motisha ni neno la moyo. Dola 1.40 kwa saa ni neno la daftari, na neno la daftari unaweza kulidai.

Kitabu kipo maktaba, nakala moja, kwa Kiingereza. Kisomeni. Mkifika ukurasa wa mwisho, rudini nyuma mkaisome tena ile karatasi ya Alaska.