Upatanisho wa njia na sehemu: nani aamue kinachoonekana?

Programu za mtandaoni za ukurasa mmoja zimeenea sana, hasa tangu zana iitwayo React kutolewa hadharani mwaka 2013. Katika programu hizo kivinjari hupakia ukurasa mara moja tu. Msomaji anapohama kutoka njia moja kwenda nyingine, yaani anwani inapobadilika, ukurasa haupakiwi upya: baadhi ya sehemu zake huondolewa, nyingine huonyeshwa. Makala haya yanauliza ni nani aamue sehemu ipi ionekane: njia, au sehemu yenyewe?

Desturi ya wengi ni kuiachia sehemu. Huandikiwa sharti la namna hii: kama njia si fulani, jionyeshe. Sharti hilo ni fupi na hueleweka upesi. Kasoro yake tuliiona darasani. Kamusi tuliyoitumia katika somo la msamiati ilikuwa pia na mtihani ndani yake, na kisanduku cha kutafutia maneno kiliamriwa kujificha pale njia inapokuwa sawasawa na /mtihani. Ukurasa wa kwanza ulipita salama. Ukurasa wa pili njia yake ilikuwa /mtihani/2, isiyolingana na ile herufi kwa herufi. Kisanduku kikarudi, na majibu pamoja nacho. Mtihani ukafutwa, na waliojibu kwa haki wakaurudia pamoja na walioangalia.

Mtunzi aliongeza sharti la pili, kisha la tatu. Sisi twaona kwamba kosa halikuwa upungufu wa masharti, bali mahali yalipowekwa. Tutazame sarufi yetu. Tukisema “kitabu kikubwa kimeanguka”, kivumishi hakishiki orodha ya nomino za kuepuka. Hupokea upatanisho kutoka kwa nomino inayotawala. Nomino ikiwa “vitabu”, vyote hufuata: “vikubwa vimeanguka”. Vivyo hivyo njia na itawale, sehemu zifuate.

Zana zenyewe zinawezesha hayo. React Router, katika toleo la 6 la mwaka 2021, humruhusu mtunzi kuipa njia-mama mpangilio wake, na njia-watoto huingia katika nafasi iliyoachwa wazi ndani yake. Vue Router nayo ina njia za kupandana. Njia-mama ya mtihani isipokuwa na kisanduku, hakuna mtoto wake atakayekuwa nacho, awe ukurasa wa 2 au wa 20.

Hata hivyo upatanisho una mipaka yake. Twasema “kiboko mkubwa ameanguka”, si “kikubwa kimeanguka”, kwa kuwa uhai wa kiboko hushinda umbo la nomino. Ziko sehemu pia zinazotegemea jambo lisilo njia, kama vile mtumiaji kuwa mwalimu au mwanafunzi. Hizo zistahili sharti lao wenyewe, lakini ziwe chache na zijulikane.

Tena kuficha si kufunga. Kisanduku kisichoonekana hakimzuii mwanafunzi kuandika anwani ya kamusi kwa mkono wake. Kinachopaswa kukatazwa kikataliwe na seva. Mpangilio mzuri wa njia hulinda mwonekano wa ukurasa. Haki ya mtihani yahitaji mlinzi mwingine.