Wanalizombe wa Kitai

Hapa Kitai, njia ya Lituhi inapoiacha barabara ya Songea na Mbinga, bado wapo wanaosema "timu yetu" wakimaanisha Majimaji. Nawapongeza kwa moyo wote. Timu hiyo ya Songea, yenye jina la vita vya 1905 hadi 1907, ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania 1985, 1986, na tena 1998. Wazee huitaja miaka hiyo kama wanavyotaja ya kuzaliwa watoto wao. Mwaka 2018 ikashuka Ligi Kuu. Kinachowauma, nami kinaniuma, ni bingwa wa kusini kusahaulika upesi hivyo, kila mazungumzo yakiishia Simba na Yanga. Mashabiki hao, Wanalizombe, walioitwa hivyo kwa lizombe, ngoma ya Wangoni, hawajahama. Jezi zimepauka, wanazivaa.