Kangaja Hupimwa Mgongoni

Mnunuzi akisimama mbele ya tangi la samaki wa mapambo, rangi ndiyo inayomnasa kwanza, na kwa kangaja rangi ni shahidi asiyetegemewa. Chukua Acanthurus leucosternon, yule mwenye mwili wa samawati, uso mweusi, koo jeupe na pezi la manjano mgongoni. Makao yake ni miamba ya matumbawe kuanzia Afrika Mashariki hadi Bahari ya Andaman, kwenye maji ya kina kifupi yanayovurugwa na mawimbi kutwa, na wavuvi wa pwani ya Kenya humnasa kwa nyavu kwa ajili ya soko la nje. Samaki huyu anaweza kukonda hadi ukingoni mwa kifo huku samawati yake ikiendelea kung'aa. Mzima naye anaweza kuonekana amepauka, ana mabaka, kwa sababu tu taa za tangi zimewashwa punde: kangaja hubadilika rangi usiku, na asubuhi huhitaji muda kurudi katika hali yake. Usimhukumu kabla hajaamka vizuri.

Anza na mgongo. Subiri samaki akugeukie uso kwa uso, au mtazame kutoka juu tangi likiwa wazi. Kangaja aliyelishwa vizuri kwa muda mrefu ana nyama iliyojaa tangu kisogoni, nyuma ya macho, hadi pale pezi la mgongoni linapoanzia, na ubavu wake una unene kidogo. Aliyekonda kisogo hubonyea, kichwa huonekana kikubwa kuliko mwili, na mstari wa ubavuni huingia ndani kama mfereji.

Tumbo lililobonyea peke yake si sababu ya kumkataa. Kabla ya kutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji atakayosafiri nayo. Kwa hiyo hufika na tumbo tupu, na tumbo hujaa tena ndani ya siku chache akipata cha kula. Mgongo uliokwisha nyama ni jambo jingine kabisa. Hapo mwili umeanza kujila wenyewe, na wengi wa samaki wa namna hiyo hufa hata baada ya kuanza kula. Mimi simnunui, hata kwa nusu ya bei. Huruma ya kumnunua ili kumwokoa humpa muuzaji sababu ya kuagiza mwingine kama huyo.

Kisha omba alishwe mbele yako. Hili ndilo jaribio kuu, na muuzaji mwema hatalikataa. Kangaja ni mla mwani. Baharini hudonoa miamba tangu jua linapochomoza hadi linapozama, na mzima haachi tabia hiyo dukani. Utamwona akidonoa kioo, akidonoa jiwe, akidonoa hata bomba la pampu. Chakula kikianguka hukifuata, hukichukua na kukimeza. Angalia sana hapo kwenye kumeza, maana wapo wanaochukua chakula mdomoni na kukitema, wakachukua tena na kutema tena, na mtu aliyesimama mbali husema samaki anakula. Huyo hajaanza kula. Mwache dukani, urudi baada ya wiki.

Pumzi nayo ina lake la kusema. Vifuniko vyote viwili vya matamvua vifunguke sawa, bila haraka. Akipumulia upande mmoja, au akijibanza mbele ya mkondo wa pampu huku mdomo wazi, huenda ana vimelea ndani ya matamvua. Macho yawe maangavu, na mapezi yasiwe yamechanika na kuwa na kingo nyeupe.

Wengi hudanganyika kwenye madoa meupe. Kangaja hushambuliwa kwa wepesi na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, kinachoonekana kama chembe za chumvi zilizonyunyizwa mwilini na kwenye mapezi. Kimelea hicho hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kisha hujiachia, hudondoka mchangani au mawe­ni, hujifunga ndani ya ganda na kugawanyika humo. Kinachotoka baadaye ni kizazi kipya, na ni kikubwa kwa idadi. Kwa hiyo samaki aliyekuwa na madoa Jumatatu na hana Ijumaa hajapona. Anangojea wimbi la pili. Muuzaji anayesema "yameisha yenyewe" ama hajui kazi yake, ama anajua.

Ndiyo maana hata kangaja aliyefaulu vipimo vyote hapaswi kwenda moja kwa moja kwenye tangi kuu. Mweke karantini wiki 4 hadi 6, katika tangi lisilo na matumbawe wala kamba, kwa kuwa dawa ya shaba inayoua kimelea hiki huwaua na wao pia. Tangi kuu likishaambukizwa, wafugaji wengi huliacha bila samaki siku 76 ili mzunguko wa kimelea ukatike. Karantini ni nafuu.

Mtazame pia muuzaji anavyomtoa. Pande zote mbili za shina la mkia kangaja ana mwiba mkali kama kisu, unaolala ndani ya mfuo na kusimama akijitetea. Mwiba huo hunasa kwenye wavu, na samaki akipapatika hujichana ubavu. Mwenye ujuzi humwongoza polepole hadi aingie kwenye chombo cha plastiki, akamtoa pamoja na maji yake. Duka linalovua kangaja kwa wavu na kumning'iniza hewani lina kasoro nyingine ambazo hutaziona.

Mfugaji naye hupimwa. Ukialikwa kuona tangi la mtu, mtazame kangaja aliyekaa humo mwaka au zaidi. Mashimo madogo usoni na kando ya mstari wa ubavuni huashiria lishe duni, na pengine matumizi mabaya ya mkaa wa kuchujia. Samaki mwenye uso laini, mgongo mnene na karatasi ya mwani mkavu usiotiwa mafuta wala viungo ikimngoja kwenye kibanio kila siku ana mwenyeji anayejua anachofanya. Urefu wa tangi uzingatiwe vilevile: kwa kangaja wa samawati sikubali chini ya mita 1.8 na lita 500, tena maji yaende kwa nguvu. Kwenye tangi fupi huzunguka kama mfungwa, na hasira yake huishia kwa kila anayeletwa baada yake.

Wapo kangaja wasiovuliwa baharini. Mwaka 2015 Oceanic Institute ya Hawaii ilifanikiwa kuzalisha kangaja wa manjano, Zebrasoma flavescens, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Florida kikamzalisha Paracanthurus hepatus, yule wa filamu ya Finding Dory. Samaki aliyezaliwa tangini hufika akiwa tayari anajua chakula cha tangini, na mwamba haukupoteza kitu. Ukimpata, mlipie bei yake bila kunung'unika. Usipompata, mnunue yule uliyemwona akimeza.