"Kila Mtu na Ladha Yake": Siagi, Blue Band na Kahawa ya Kopo

Ukitaka kuua mjadala wowote wa chakula Nairobi, sema tu, "Kila mtu na ladha yake." Mazungumzo yanaisha hapo hapo. Huyu anarudi kwa siagi yake, yule kwa Blue Band, wa tatu anakoroga kahawa ya kopo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Ni kauli ya amani, sawa. Lakini ni ya uvivu pia.

Tuanze na mkate. Ingia duka la mtaani Uthiru uitishe siagi. Kuna uwezekano mkubwa utapewa majarini, na hutairudisha. Majarini yenyewe tumeibandika jina moja, Blue Band, hata mkebe ukiwa wa kampuni nyingine. Siagi hutoka kwa krimu ya maziwa. Majarini ya leo ni mafuta ya mimea. Iligunduliwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya Napoleon III kutaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi, kwa ajili ya jeshi na maskini. Yaani tangu siku ya kwanza ilikuwa jibu la swali la mfuko, si la ulimi. Na ni jibu la maana: nyumba isiyo na friji inaihifadhi kabatini, na dukani unapimiwa kiasi cha pesa ulizo nazo. Anayeicheka hajawahi kupangia watoto wanne kiamsha kinywa.

Shida inakuja tunapoiita hali hiyo "ladha yangu". Kuzoea si kuchagua.

Kwa kahawa mambo ni machungu zaidi. Hapo jirani, Kabete, ndipo zilipokuwa maabara za kilimo za Scott. Miaka ya 1930, watafiti wake walichagua aina za kahawa zinazoitwa SL28 na SL34. Hizo herufi mbili ni za jina la maabara. SL34 ilitokana na mti wa shamba la Loresho. Leo wapenzi wa kahawa ng'ambo wanaisifu SL28 kwa uchachu wake wa matunda. Wakati inachaguliwa, Waafrika wengi nchini walikuwa wamezuiwa kulima kahawa, na zuio hilo lililegea kwa upana miaka ya 1950. Hata sasa, sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje. Sisi tunaoishi mwendo mfupi kutoka Kabete tunakunywa chai, au unga wa kopo, kisha tunasema kahawa "hainibambi". Ipi hiyo?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakutuambia chema kikishajiuza chote, nyumbani kunabaki nini.

Mtu atasema kahawa nzuri ni ya watu wa Westlands na laptopu zao. Basi teremka Mombasa au Lamu. Kahawa chungu inamiminwa kutoka dele lililokaa juu ya makaa, kikombe ni kidogo, bei ni ya mtu wa kawaida, kashata iko pembeni, na wazee barazani wanajua kutofautisha iliyopikwa vizuri na iliyoungua. Hao wana ladha, na hawakuinunua kwa bei ya mkahawa. Walipewa nafasi ya kuonja kila siku, wakabishana.

Mimi? Kwa nduma moto nataka siagi ya chumvi, hakuna mjadala. Kwa mkate mweupe uliochomwa, majarini bado inashinda, kwa sababu siagi inaulowesha mkate kabla sijaketi. Unaweza kunipinga, na ndiyo raha yake. Ila uwe umeonja zote mbili kwanza. Chukua mkate mmoja, paka nusu kwa nusu, kisha uniambie umependa ipi na kwa nini. Ukinijibu "kila mtu na ladha yake", nitakuuliza tena.