Ngozi ya Meno

Miongoni mwa misemo ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huikuta mapema ni huu wa mtu kuokoka "by the skin of his teeth", yaani kwa ngozi ya meno yake. Maana yake ya leo ni nyepesi: ni kuponea chupuchupu, au, kama wasemavyo wengine, kuponea tundu ya sindano. Lakini jino halina ngozi. Basi msemo umetoka wapi?

Umetoka katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 19, aya ya 20. Waliofasiri Biblia ya Geneva mwaka 1560 waliyafuata maneno ya Kiebrania neno kwa neno, na Biblia ya mwaka 1611 ikafanya vivyo hivyo. Hao walisema "pamoja na" ngozi ya meno. "Kwa" ni badiliko la wasemaji wa baadaye, wala si badiliko dogo. Aokokaye na kitu, hicho ndicho kilichombakia. Aokokaye kwa kitu, hicho ndicho kilichomponya. Jerome, katika Kilatini chake, alisema kwamba Ayubu amebakiwa na midomo tu kandokando ya meno. Wengine hudhani ni ufizi. Sisi twaipendelea njia hiyo, maana Ayubu hapo hasimulii kuponyoka kwake. Analia: mifupa imegandamana na ngozi, jamaa wamemwacha, hata pumzi yake yamchukiza mkewe. Mwalimu asemaye kwamba Ayubu "aliponea chupuchupu" amempa maneno ya mtu aliyemruka nyoka njiani, na kilio chote kimepotea.

Nje ya Maandiko kuna mtego mwingine. Mwingereza hutumia msemo huu hata kwa jambo jema lililopatikana kwa shida, kama kufaulu mtihani au kushinda uchaguzi kwa kura chache. Kiswahili hakikubali. Kuponea hutaka baya lililoepukwa. Hivyo "aliponea chupuchupu kushinda" ni kusema kwamba ushindi ulikuwa msiba, naye, ashukuriwe Mungu, ukampita! Tumeyaona maneno ya namna hiyo katika tafsiri, tena zilizopigwa chapa. Yafaa kusema "nusura ashindwe", au "aliponea chupuchupu kushindwa". Na yule aliyewahi gari la moshi likianza kuondoka? Huyo aliliwahi likianza kuondoka. Hapo hatuoni haja ya msemo.